Ukiona Vyaelea, Vimeundwa kwa Hesabu

Mpwa wangu, binti wa miaka 14, alinitembelea wakati wa likizo akiwa na simu ya mamake mkononi. Alitaka nimtazamie kibonzo alichokuwa amekichora humo: bibi kizee ameketi kizingitini, anachambua mboga. Nilikisifu, nacho kilistahili sifa. Ndipo aliponieleza jambo lililomleta. Wakati wa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu ulikuwa unakaribia, na yeye alikuwa amekwisha kuazimia kufuata sanaa. "Mjomba," aliniambia, "mimi nataka kuchora kwa tarakilishi. Huko kwenye sanaa hesabu ni zile nyepesi tu, na hata hizo sijui zitanifaa nini."

Nilinyamaza kidogo, maana maneno hayo hayakuwa mageni kwangu. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliikumbatia lugha kwa mapenzi, lakini lazima nikiri kwamba niliikumbatia pia kwa kuwa ilikuwa mbali na hisabati. Wanafunzi wangu chuoni nao huniambia vivyo hivyo bila ya kuona haya. Kosa la mpwa wangu, basi, si lake peke yake. Ni kosa letu sisi wazazi na walimu, tuliomlea mtoto akaamini kuwa kuna watu wa picha na watu wa namba, na kwamba wawili hao hawakutani kamwe.

Msomaji atakumbuka mjadala mkali uliozuka nchini mwaka 2025, watu walipobishana iwapo hisabati iwe somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu. Mwishowe Wizara ya Elimu iliamua kwamba kila mwanafunzi ataisoma, ila kwa viwango viwili: hisabati pana kwa walio katika mkondo wa sayansi na teknolojia, na nyingine nyepesi zaidi kwa wenzao wa mikondo ya sanaa na sayansi za jamii. Sina nia ya kuufufua ubishi huo. Ninalotaka kulisema ni kwamba katika uchoraji wa tarakilishi mpaka huo baina ya sanaa na hisabati haupo. Atakayeuamini atajikuta amesimama nje ya nyumba aliyotamani kuingia.

Wahenga walitwambia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu aliyesimama ufukoni huliona jahazi likikata mawimbi, akasahau shoka, randa na misumari. Vivyo hivyo, sisi tunaotazama picha za tarakilishi huiona milima, nyuso za watu na magari yakienda kasi, tukasahau kwamba chini ya hayo yote hamna rangi wala brashi. Mna namba tu, na kanuni za kuzichezea namba hizo. Kioo cha tarakilishi au cha simu ni uwanja wa vitone vidogo vya nuru vilivyopangwa safu kwa safu. Kila kitone hungoja kuambiwa kiwe na rangi gani, na mwenye kukiambia ni hesabu.

Tuanze na kitu kilicho karibu nawe kabisa, nacho ni herufi hizi unazozisoma. Hebu itazame herufi 'a' iliyopigwa chapa katika ukurasa huu. Ina tumbo la mviringo na mgongo uliopinda. Katika chapa za tarakilishi umbo la herufi kama hiyo halihifadhiwi kama picha, bali huhifadhiwa kama orodha fupi ya nukta, pamoja na kanuni ya kuchora mstari uliopinda unaoongozwa na nukta hizo. Ndiyo sababu herufi hiyo hiyo yaweza kukuzwa ikajaa bango la barabarani, na mipindo yake isivunjikevunjike.

Kanuni hiyo ina historia yake. Zamani waliosanifu vyombo huko Ulaya walichora mipindo ya meli kwa kipande chembamba cha ubao kinachokunjika, wakakishikilia kwa vizito. Mafundi wetu wa Lamu nao waliujua mpindo wa jahazi kwa jicho na mkono, aghalabu bila ya ramani iliyochorwa. Viwanda vya magari vilipohitaji kuiamrisha mitambo ikate mabati kwa umbo moja lisilobadilika, jicho na ubao havikutosha tena. Mwaka 1959, katika kampuni ya Citroën nchini Ufaransa, mwanahisabati Paul de Casteljau alibuni njia ya kuupata mpindo kwa hesabu. Kampuni yake iliifanya siri. Katika miaka ya 1960 Pierre Bézier wa kampuni ya Renault aliifikia mipindo hiyo hiyo kwa njia yake mwenyewe na kuitangaza, ndipo ikapewa jina lake.

Msomaji asiogope, kwani njia ya de Casteljau yaweza kufanywa na mtoto mwenye rula na penseli. Chukua karatasi ya miraba. Weka nukta ya kwanza, A, mahali pa kuanzia. Weka ya pili, B, hatua 2 kulia na hatua 4 juu. Weka ya tatu, C, hatua 4 kulia ya A katika usawa ule ule wa chini. Unganisha A na B, kisha B na C. Sasa tafuta katikati ya mstari AB na katikati ya mstari BC, uziunganishe nukta hizo mbili. Katikati ya mstari huo mpya ni nukta moja ya mpindo: hatua 2 kulia, hatua 2 juu. Ukitaka nukta nyingine, badala ya kwenda nusu ya njia, nenda robo ya njia katika kila mstari. Utafika hatua 1 kulia na hatua moja na nusu juu. Endelea hivyo, na mbele ya macho yako utazuka upinde laini unaotoka A, ukaelekea B bila kuigusa, ukashuka hadi C.

Mwanafunzi aliyekwisha kufunzwa kufungua mabano atagundua jambo la ajabu. Alifundishwa kwamba (a + b)² ni a² + 2ab + b², akayakariri bila ya kujua ya nini. Katika mpindo huu, sehemu ya njia uliyokwisha kwenda ikiwa b na iliyosalia ikiwa a, basi uzito wa nukta A ni a², uzito wa B ni 2ab, na uzito wa C ni b². Katika robo ya njia, kwa mfano, uzito huo ni 9/16, 6/16 na 1/16, na jumla yake ni 1 kamili. Isitoshe, upinde aliouchora si mwingine bali ni ule ule wa milinganyo ya kipeo cha pili anayochora darasani kwa kuchoshwa. Aina fulani za chapa hutumia nukta tatu kama hizi, nyingine hutumia nne, lakini msingi ni huo mmoja. Kwa hivyo, mwanafunzi akiuliza mabano yale yana kazi gani duniani, mwalimu na amwonyeshe kitabu chenyewe anachokisoma.

Kutoka herufi twende kwenye milima. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Loren Carpenter alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing mjini Seattle, Marekani. Alitaka michoro ya ndege anayoitengeneza kwa tarakilishi iwe na milima nyuma yake. Kuuchora mlima jiwe kwa jiwe ni kazi isiyokwisha. Carpenter alikuwa amesoma maandishi ya mwanahisabati Benoit Mandelbrot kuhusu maumbo yanayojirudia ndani yao wenyewe, yaitwayo fraktali, akapata ufunguo. Chukua pembetatu kubwa; igawe katika pembetatu ndogo nne kwa kuunganisha nukta za katikati ya pande zake; kila nukta ya katikati ipandishe au uishushe kidogo kwa bahati nasibu; kisha rudia kwa kila pembetatu ndogo, tena na tena. Baada ya marudio machache bapa lile limekuwa safu ya vilele na mabonde. Mwaka 1980 aliwaonyesha wataalamu wa fani hiyo filamu fupi iitwayo Vol Libre, inayompitisha mtazamaji angani juu ya milima isiyokuwako popote. Akaajiriwa na kampuni ya filamu ya Lucasfilm, na mwaka 1982 mbinu yake ikaonekana katika filamu ya pili ya Star Trek.

Hata nuru inayouangaza mlima kama huo ni hesabu. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert alieleza kwamba mwangaza unaoupata uso wa kitu hutegemea kosaini ya pembe iliyopo baina ya miale na mstari uliosimama wima juu ya uso huo. Uso unaoielekea taa hung'aa, na unaoipa ubavu hufifia. Tarakilishi huikokotoa kosaini hiyo kwa kila pembetatu. Na kitu kilicho mbali huonekana kidogo kwa sababu ya kanuni ya pembetatu zinazofanana, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hukutana nayo. Kumbe zile saini na kosaini zinazowatoa vijana jasho katika chumba cha mtihani ndizo zinazowapakia rangi vibonzo wanavyovitazama wakifika nyumbani.

Hadi hapa nimeeleza jinsi hisabati inavyoihudumia picha. Lakini picha nayo huilipa hisabati fadhila, na pengine hili ndilo walimu wanalohitaji kulisikia zaidi.

Chovya kitanzi cha waya katika maji ya sabuni, kisha ukiinue. Utaona utando mwembamba umetanda ndani yake. Utando huo hujivuta hadi ukachukua eneo dogo kabisa linalowezekana kwa ukingo ule. Wanahisabati wamezichunguza nyuso za tabia hiyo kwa karne nyingi. Mwaka 1982 Celso Costa, mwanahisabati wa Brazil, aliandika milinganyo ya uso mpya wa jamii hiyo, unaoenea bila ya ukingo. Swali lilikuwa hili: je, uso huo hujikata wenyewe mahali popote? Iwapo haujikati, ungekuwa hazina, maana za aina yake zisizojikata zilikuwa zinajulikana tatu tu tangu mwaka 1776. Milinganyo ilikuwa pale mezani, lakini hakuna aliyeweza kuiangalia akajua umbo lake.

David Hoffman na William Meeks, wakisaidiwa na programu ya michoro ya James Hoffman, waliigeuza milinganyo hiyo kuwa picha katikati ya miaka ya 1980. Walipouzungusha uso huo kiooni waliona mambo mawili. Kwanza, haukuonekana kujikata popote. Pili, ulikuwa na ulinganifu ambao hakuna aliyeutarajia: waweza kugawanywa katika vipande vinane vinavyofanana kabisa. Ulinganifu huo ndio uliowapa njia. Walirudi kwenye karatasi, wakathibitisha kwa hoja kwamba kile walichokiona ni kweli. Picha haikuwa uthibitisho. Ilikuwa kidole kilichowaonyesha mahali pa kuutafuta.

Kidole, hata hivyo, chaweza pia kupotosha. Chukua namba 0, izidishe kwa yenyewe, ongeza 1. Kisha urudie kwa jibu ulilolipata. Utapata 1, 2, 5, 26, 677, na namba zitatoroka mbali zisirudi. Sasa badala ya kuongeza 1, ongeza hasi 1. Utapata hasi 1, 0, hasi 1, 0, milele na milele. Namba ya kwanza hutorosha, ya pili hufunga. Wafaransa Gaston Julia na Pierre Fatou walichunguza marudio ya namna hii wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, bila ya mashine yoyote. Mwaka 1980, katika kituo cha utafiti cha IBM nchini Marekani, Benoit Mandelbrot aliiagiza tarakilishi ijaribu namba changamano nyingi, zile ambazo kila moja huonyeshwa kwa nukta yake ukurasani, na kuzitia alama zote zinazofunga. Likatokea umbo kama mdudu aliyezungukwa na vijidoa vilivyotawanyika kama visiwa.

Kwa kuvitazama visiwa hivyo, Mandelbrot alidhani mwanzoni kwamba umbo hilo limekatikakatika. Macho yalimhadaa. Nyuzi zinazoviunganisha visiwa na bara ni nyembamba mno, na programu ya siku zile haikuweza kuzinasa. Baada ya majaribio zaidi aliibadili rai yake, na mwaka 1982 Adrien Douady na John Hubbard wakathibitisha kwa hoja kwamba umbo lote limeungana na ni kitu kimoja. Mashine ilionyesha visiwa. Hoja ikaonyesha bara.

Mimi ni mtu wa lugha, na hapa naomba niseme neno moja la fani yangu. Katika Kiswahili kitenzi 'kuona' hakikomei machoni. Twaona kwa jicho, twaona njaa, twaona haya, na tunapotaka kutoa rai twasema 'naona kwamba'. Mwenzetu tukimtaka hukumu yake humwuliza, 'Waonaje?' Lugha yetu imeweka kuona kwa jicho na kuona kwa akili katika neno moja, kana kwamba inatuonya tusiyatenge mawili hayo. Costa alikuwa na kuona kwa akili pasipo kwa jicho, na umbo lake likabaki gizani. Mandelbrot alitangulia kuona kwa jicho, na jicho likamdanganya. Ukweli ulipatikana pale mawili hayo yalipokutana.

Je, darasani mwetu hukutana? Mara nyingi hapana. Mwanafunzi hupewa kanuni akaikariri, akapewa grafu akaichora ili apate alama tatu, na hakuna anayemwambia kwamba kanuni na grafu ni maneno mawili ya jambo moja. Aidha hisabati humfikia kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi huo ni mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Sisemi sera ibadilishwe kesho. Nasema mwalimu asione vibaya kuieleza nukta ya katikati, mpindo na pembetatu kwa lugha ambayo mtoto huitumia kumweleza mwenzake njia ya kwenda sokoni. Maneno tunayo, na nimeyatumia katika makala haya bila ya kuazima mengi.

Wapo watakaosema kwamba haya yanahitaji vifaa, na shule nyingi hata umeme ni wa kubahatisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Tangu mwaka 2016 serikali ilisambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, nasi tukajifunza kuwa kifaa chaweza kufika kabla ya maarifa ya kukitumia. Mpindo wa de Casteljau hauhitaji ila rula. Utando wa sabuni wahitaji waya na ndoo. Mwanamke wa pwani anayesuka ukili huhesabu miyaa anayoipitisha juu na chini, na kutokana na kuhesabu huko nakshi hujitokeza. Mwalimu akileta mkeka darasani ameleta picha iliyotokana na namba. Na pale penye tarakilishi hata moja, ipo programu ya GeoGebra, iliyobuniwa na Markus Hohenwarter wa Austria mwaka 2001, ambayo shule huipata bila malipo. Mwanafunzi huiandika milinganyo akaiona ikigeuka umbo, akalivuta umbo akaona milinganyo ikibadilika.

Kisha, na hili ndilo la lazima, mwalimu amwulize: "Umeona. Sasa utajuaje kwamba ni kweli?" Vijana wetu wanaishi katika zama ambazo tarakilishi yaweza kuunda sura ya mtu ambaye hakupata kuzaliwa, na kumtia waziri maneno ambayo hakuyatamka. Picha hizo nazo zimeundwa kwa hesabu. Asiyejua kwamba vyaelea kwa kuundwa atakuwa mateka wa yeyote anayejua kuunda. Kwa hiyo mpwa wangu na wenzake hawaihitaji hisabati kwa ajili ya ajira pekee, ingawa ajira zipo. Wanaihitaji ili wasibaki watazamaji wa picha za watu wengine, wakishangilia vyombo ambavyo hawajui vimeundwa vipi, na vinawapeleka wapi.

Nilimpa binti yule karatasi ya miraba na rula. Sikumhubiria. Nilimwambia tu aweke nukta tatu, kisha nikamwonyesha jinsi ya kutafuta katikati. Alipofikisha nukta ya tano aliinua uso akasema, "Mjomba, huu ni mgongo wa yule bibi." Kweli ulikuwa mgongo wa bibi kizee wa kizingitini, umepinda vile vile. Alikaa na karatasi ile hadi magharibi, akihamisha nukta ya B huku na huko apate kuona mgongo ukinyooka na kuinama.

Mkondo atakaouchagua ni wake na wazazi wake, nami sitamwingilia. Lakini siku ile aliniuliza swali ambalo hakuwa ameliuliza kabla: kama nukta tatu hutoa mgongo, je, sura nzima huhitaji nukta ngapi? Nilimjibu kwamba swali hilo ampelekee mwalimu wake wa hisabati. Ewe mwalimu utakayeulizwa, nakuomba usimwambie kwamba halimo katika mtihani.